Waliochonga mawe ya Isimila, je, waliongea?

Ukitoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya, kilomita 20 hivi, unafika Isimila. Wengi huenda kupiga picha kwenye zile nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mmomonyoko. Lakini kilicholipa bonde hilo jina duniani kiko chini, kwenye mchanga wa korongo: zana za mawe, nyingi kiasi kwamba mgeni asipoangalia atazikanyaga. Zilitambuliwa mwaka 1951, zikachimbwa kwa utaratibu mwaka 1957 na 1958 na kikosi cha Clark Howell, na kipimo cha urani kilichofanywa baadaye kikatoa umri wa takriban miaka 260,000.

Tazama shoka moja la mkono kwa karibu. Halina mpini. Ni pana chini, linachongoka juu, na limechongwa pande zote mbili: upande huu ulipigwa, jiwe likageuzwa, ukapigwa ule. Makovu ya vipande vilivyobanduliwa bado yanaonekana, na ukipitisha kidole unaweza kufuatilia pigo lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Mengine yanazidi sentimita 30, makubwa kuliko yanavyohitajika kwa kuchuna mnyama. Aliyelichonga alikuwa na umbo kichwani kabla ya pigo la kwanza, na kuna mtu aliyemfundisha namna ya kuligeuza jiwe. Hapo ndipo swali linapozuka. Alimwonyesha kwa mikono tu, au alimwambia?

Pale Isimila hakuna wa kumuuliza. Imepatikana mifupa ya wanyama, akiwemo kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka ambaye macho yake yalichomoza juu kabisa ya kichwa, lakini mifupa ya wachongaji wenyewe haijaonekana. Kwa hiyo anayetaka jibu hana budi kusafiri: Ethiopia, Turkana, Zambia, Israeli, Hispania. Kote huko zimepatikana sehemu za mwili zilizokaa jirani na sauti.

Swali lenyewe liliwahi kupigwa marufuku. Mwaka 1866 Chama cha Isimu cha Paris kiliandika katika kanuni zake kwamba hakitapokea andiko lolote kuhusu chanzo cha lugha, kwa kuwa waliona watu wanabahatisha tu. Leo mjadala uko wazi, ila habari zake hutufikia vipande vipande. Leo unasoma kwamba Neandertali, yule binadamu wa kale wa Ulaya na Asia aliyekwisha kutoweka, hakuweza kutamka, kesho kwamba aliongea kama sisi, keshokutwa kwamba jeni ya lugha imepatikana. Msomaji akikata tamaa simlaumu. Lakini habari hizo hazipingani kama zinavyoonekana. Kila moja inahusu kiungo kimoja cha mwili, na viungo hivyo havikukamilika kwa wakati mmoja. Anayetafuta siku ambayo binadamu alianza kuongea anatafuta siku ambayo haikuwahi kuwepo.

Ugumu wa kwanza ni huu. Ulimi ni nyama. Midomo ni nyama. Zoloto, lile sanduku la sauti lililo kooni, ni gegedu, na nyuzi za sauti zilizo ndani yake ni utando laini. Vyote huoza upesi baada ya mtu kufa. Kinachobaki ni mifupa iliyopakana navyo, matundu yaliyopitisha mishipa ya fahamu, na sura ya ndani ya fuvu lililobeba ubongo. Mtafiti yuko kama mtu aliyekuta mafiga na majivu porini, akaambiwa aseme usiku ule kilipikwa nini.

Mfupa mmoja tu umeshikamana na ulimi kwa upande wa juu na zoloto kwa upande wa chini. Unaitwa haioidi. Weka kidole gumba na cha shahada chini ya taya, juu kidogo ya kikoromeo, ushike taratibu, kisha umeze mate. Kitu kigumu utakachohisi kikipanda na kushuka ndicho hicho. Una umbo la herufi U, na haukuungana na mfupa mwingine wowote. Umeshikiliwa na misuli na kano peke yake. Wanaochinja mbuzi huukuta wa mnyama kwenye shina la ulimi, ingawa wa mbuzi una vipande vingi zaidi. Kwa sababu hauna kiungo na mfupa mwingine, nyama ikishaoza unadondoka na kupotea, na wembamba wake unaufanya uvunjike kirahisi. Ndiyo maana haioidi za kale zilizopatikana duniani zinahesabika kwa vidole.

Ya zamani kuliko zote ni ya mtoto wa Dikika, Ethiopia, aliyegunduliwa mwaka 2000 na kikosi cha Zeresenay Alemseged na kutangazwa mwaka 2006. Alikufa akiwa na umri wa miaka michache tu, miaka milioni 3.3 iliyopita, naye ni wa Australopithecus afarensis, jamii ya kale iliyotangulia binadamu, ileile iliyoacha mifupa yake Laetoli. Haioidi yake inafanana na ya sokwe: sehemu ya katikati imetuna na kuacha uwazi nyuma yake. Kwa sokwe uwazi huo unaendana na vifuko vya hewa vilivyounganika na koo, vinavyofanya mlio uwe mzito na wa kuvuma. Mlio wa namna hiyo unatisha na unafika mbali, lakini ukiwa navyo irabu zinachanganyikana; tofauti ya sauti moja na nyingine inafifia. Kwa hiyo kwa mtoto wa Dikika tunaweza kusema kwa uhakika wa kutosha kwamba koo lake halikuwa letu.

Ruka mamilioni ya miaka hadi Hispania, kwenye shimo refu ndani ya pango la Atapuerca liitwalo Sima de los Huesos. Humo mlikuwa na mabaki ya watu wasiopungua 28, wa ukoo uliokuja kuzaa Neandertali, wenye umri wa takriban miaka 430,000. Pakapatikana haioidi mbili, na zote zina sura ya kibinadamu, bila ule uvimbe wa sokwe. Kisha iko ya pango la Kebara, Israeli, iliyopatikana mwaka 1983. Ni ya mwanamume wa Kineandertali aliyezikwa miaka 60,000 hivi iliyopita. Fuvu lake halikuwepo, lakini taya lilikuwepo na haioidi ilikuwa mahali pake chini ya taya. Baruch Arensburg na wenzake walipoitangaza mwaka 1989, ilikuwa vigumu kuitofautisha na ya mtu wa leo.

Kwa hiyo mahali fulani kati ya Dikika na Sima, vifuko vya hewa viliondoka. Huo ni muda mrefu mno, karibu miaka milioni tatu, na hakuna haioidi ya katikati inayotosha kuupunguza. Hata hivyo ni hatua. Na tusiuongezee mfupa huu mzigo usio wake: unasema habari za umbo la koo, hausemi maneno yaliyopita humo.

Sasa nije kwenye ugomvi mkubwa zaidi, ambao hadi leo vitabu vingi vya shule na kurasa za intaneti vinaurudia kana kwamba ulikwisha upande mmoja. Mwaka 1971 Philip Lieberman, mwanaisimu, na Edmund Crelin, mtaalamu wa viungo vya mwili, waliunda upya koo la Neandertali aliyepatikana La Chapelle-aux-Saints, Ufaransa, mwaka 1908. Waliliweka zoloto lake juu, kama lilivyo kwa mtoto mchanga, na hesabu zao zikatoa jibu kwamba hangeweza kutamka irabu a, i na u.

Hoja yao ina akili, na inafaa kuieleza vizuri kabla ya kuipima. Mtoto mchanga zoloto lake liko juu, karibu na mlango wa pua, na ndiyo maana ananyonya huku akipumua bila shida. Akikua linashuka. Kwa mtu mzima njia ya chakula na njia ya hewa zinakutana kooni, na matokeo yake kila mmoja wetu anayajua: tunapaliwa. Darwin mwenyewe aliona ajabu kwamba kila tonge na kila funda hupita juu ya mlango wa mapafu. Kwa nini mwili ukubali hatari hiyo? Lieberman alijibu: kwa ajili ya maneno. Zoloto likishuka, ulimi unapata nafasi ya kwenda mbele, nyuma, juu na chini, na koo linakuwa na vyumba viwili vinavyoweza kubadilishwa ukubwa kila kimoja kwa wakati wake. Sema taratibu a, i, u. Kwenye a ulimi umelala na kurudi nyuma. Kwenye i umepanda mbele hadi karibu na kaakaa. Kwenye u umepanda nyuma na midomo imekusanyika. Irabu hizo tatu ni pembe za uwanja, na e na o zinakaa katikati. Kiswahili na Kihehe vinatosheka na irabu tano; Kinyakyusa kinatumia saba ndani ya uwanja uleule, lakini pembe ni zilezile.

Pigo la kwanza dhidi ya hoja hiyo lilitoka kwenye fuvu lenyewe. Wataalamu waliolichunguza upya waliona kwamba sehemu yake ya chini ilikuwa imeunganishwa ikiwa bapa kupita kiasi, na ubapa huo ndio ulioliweka zoloto juu. Pigo la pili lilitoka kwa wanyama. Kulungu dume wa Ulaya ana zoloto lililoshuka, na hulishusha zaidi anaponguruma, kama Tecumseh Fitch na David Reby walivyoonyesha mwaka 2001, na kulungu haongei. Inaonekana kushuka kwa zoloto kunaweza kuwa njia ya kuifanya sauti iwe nzito ili dume aonekane mkubwa. Pigo la tatu ndilo lililonishawishi zaidi. Mwaka 2016 Fitch na wenzake walipiga filamu ya eksirei ya tumbili aina ya makaki akila, akipiga miayo na kulia, wakapima maumbo yote ambayo koo lake linaweza kuyapata, wakakuta kwamba lingetosha kutoa irabu za kueleweka. Mwaka uliofuata Louis-Jean Boë na wenzake wakaonyesha kwamba nyani, jamaa wa hawa wanaofukuzwa mahindini huku kwetu, hutoa milio iliyotawanyika katika uwanja wa irabu.

Maana yake ni kwamba koo halikuwa kizuizi kikubwa kama tulivyodhani. Tumbili ana koo la kutosha. Ubongo wake ndio usioweza kuliendesha. Kwa binadamu kuna njia za moja kwa moja kutoka gamba la ubongo hadi mishipa inayoamuru zoloto. Kwa tumbili njia hizo hazipo, au ni hafifu sana. Na njia za ubongo hazigeuki kuwa kisukuku.

Watafiti walijaribu kuzifuata njia hizo kwa mlango wa nyuma, yaani kupitia matundu ya mifupa. Hapa habari inakuja karibu na nyumbani. Ukipanda treni ya TAZARA Mbeya ukaenda mpaka mwisho wa reli, Kapiri Mposhi, unakuwa umebakiza mwendo mfupi kufika Kabwe. Katika mgodi wa Kabwe, mwaka 1921, lilipatikana fuvu la mtu wa kale lililo zima ajabu, lenye matuta mazito juu ya macho. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2020 vililipa umri wa takriban miaka 299,000. Halina tofauti kubwa ya umri na mawe ya Isimila, na kwa ramani ni jirani. Lilipelekwa London na liko huko mpaka sasa, ingawa Zambia imelidai kwa miaka mingi. Naandika haya nikiwa upande wa Zambia katika dai hilo. Fuvu la jirani yetu wa karibu kabisa wa zama zile lipo ng'ambo, na mwanafunzi wa Mbeya anayetaka kuona fuvu linalolingana na mawe ya mkoa wa jirani anapaswa kuomba viza.

Chini ya kila fuvu, kushoto na kulia, kuna tundu dogo linalopitisha mshipa wa fahamu unaoamuru ulimi. Mwaka 1998 Richard Kay na wenzake walipima matundu hayo. Sokwe alikuwa na tundu dogo, binadamu kubwa, na Kabwe pamoja na Neandertali wakaangukia upande wetu. Hoja ikawa kwamba tundu kubwa lina mshipa mnene, mshipa mnene una nyuzi nyingi, na nyuzi nyingi ni ulimi mwepesi. Magazeti yalifurahi. Mwaka 1999 David DeGusta na wenzake wakapima tena, safari hii wanyama wengi zaidi, wakakuta tumbili wengi wasioongea wana matundu ya kadiri ya binadamu. Kisha wakachunguza maiti za watu na kuona kwamba ukubwa wa tundu hauendani na unene wa mshipa uliomo. Hoja ikafa palepale. Kuitaja bado kuna faida, maana inaonyesha jinsi kazi hii inavyofanyika: mtu anaweka dai linalopimika, mwingine anapima.

Pumzi ina hadithi ndefu kidogo. Ukipumua kimya, kuvuta na kutoa hewa vinakaribiana: kama asilimia 40 ya muda unavuta, 60 unatoa. Ukiongea, unavuta upesi kwa asilimia 10 hivi na kutoa polepole kwa muda wote uliobaki. Sikiliza kwaya yoyote nzuri ya kanisani, Tukuyu au Njombe. Mwalimu akiinua mkono wote wanavuta hewa kwa mara moja, halafu mstari mzima wa wimbo unapita kwa pumzi hiyohiyo, sauti haipandi mwanzoni wala kuzimika mwishoni. Kazi hiyo inafanywa na misuli iliyo kati ya mbavu na ile ya tumbo, inayozuia hewa isitoke yote kwa pamoja na kuisukuma inapopungua. Misuli hiyo inaendeshwa na mishipa inayotoka kwenye pingili za mgongo zilizo usawa wa kifua.

Ann MacLarnon na Gwen Hewitt waliichukua hoja hii mwaka 1999. Kwa watu wa leo na Neandertali, mfereji wa pingili za kifua ni mpana. Kwa sokwe ni mwembamba. Na kwa kijana wa Nariokotome, ule mfupa wa Turkana Magharibi ulioibuliwa na jicho kali la Kamoya Kimeu mwaka 1984, wenye umri wa miaka milioni 1.5 hivi, ni mwembamba pia. Huyu ni Homo erectus, aina ya binadamu wa kale, mrefu, mwenye mwili wa kutembea masafa kama sisi. Lakini kwa hoja hii hangeweza kusema sentensi ndefu kwa pumzi moja. Baadaye wengine walidai kwamba mgongo wa kijana huyo ulikuwa na kasoro, na kwamba pingili za watu wa Dmanisi, Georgia, ambao ni wa kale kuliko yeye, zina mfereji wa kadiri ya kibinadamu. Mpaka hapo siwezi kuihesabu hoja ya pumzi kuwa imeshinda. Ila naiona ina msingi kuliko ile ya tundu la ulimi, kwa sababu inaeleza kazi ambayo kuongea kunaihitaji kweli.

Ushahidi ninaouamini zaidi hautoki kooni. Unatoka sikioni.

Chukua maneno paka, pata na pasa. Tofauti yake ni konsonanti moja katikati, na tofauti hiyo imebebwa na mlio mwembamba wa juu, wa maelfu ya mitetemo kwa sekunde. Mwite mtu aliye ng'ambo ya shamba la chai pale Mufindi: irabu zitamfikia, lakini k na t zitakuwa zimepotea njiani, naye atakuuliza umesema nini. Sikio la sokwe linasikia vizuri sauti za chini na tena zile za juu sana, lakini katikati, kwenye eneo ambalo konsonanti zetu nyingi zinaishi, usikivu wake unashuka. La binadamu linabaki kali katika eneo hilohilo. Uzuri wa jambo hili ni kwamba sehemu kubwa ya umbo linaloamua usikivu ni mfupa: mfereji wa sikio, chumba cha nyuma ya ngoma, na vijifupa vidogo vya ndani. Vitu hivyo vinapimika.

Ignacio Martínez na wenzake waliwapima watu wa Sima mwaka 2004, na Mercedes Conde-Valverde na wenzake wakaongeza Neandertali mwaka 2021, wakitumia picha za kompyuta zinazoonyesha ndani ya fuvu. Neandertali alisikia upana uleule tunaosikia sisi. Wa Sima walikuwa wamekaribia, pungufu kidogo. Mnyama hapati sikio lililonolewa kwa sauti fulani kama hakuna anayezitoa. Kwa maoni yangu hili ndilo linalotusogeza mbali zaidi: miaka 430,000 iliyopita kulikuwa na watu ambao tayari sikio lao lilikuwa likielekea kwenye konsonanti.

Ubongo nitaupitia kwa haraka, kwa sababu mifupa inasema kidogo. Mwaka 1861 Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeelewa maneno lakini yeye mwenyewe aliweza kutamka "tan" tu. Alipokufa, ilionekana kwamba sehemu ya mbele kushoto ya ubongo wake ilikuwa imeharibika. Tangu hapo watu wamekuwa wakitafuta alama ya sehemu hiyo ndani ya mafuvu ya kale. Phillip Tobias aliamini ameiona kwa Homo habilis, aina nyingine ya binadamu wa kale, yule ambaye masalia yake ya kwanza yalitoka Olduvai mwaka 1960. Lakini mwaka 2021 Marcia Ponce de León na wenzake walionyesha kwamba watu wa Dmanisi, wa miaka milioni 1.8 hivi iliyopita, sehemu ya mbele ya ubongo wao ilikuwa bado ya mpangilio wa sokwe, na mpangilio wetu ulikuja baadaye, kati ya miaka milioni 1.7 na 1.5 iliyopita. Na hata mpangilio huo ukionekana, hautuambii eneo hilo lilikuwa linafanya kazi gani.

Jeni nayo haikwepeki. Mwaka 2001 iligundulika kwamba familia moja ya Uingereza, ambayo karibu nusu ya watu wake wanapata shida ya kutamka, ina hitilafu katika jeni ya FOXP2. Ikaitwa jeni ya lugha, jina ambalo limefanya madhara, maana FOXP2 iko hata kwa panya na ndege. Toleo letu linatofautiana na la sokwe kwa mabadiliko mawili katika protini, na mwaka 2007 ikaonekana Neandertali alikuwa nayo yote mawili. Kwa hiyo si jambo lililotokea juzi.

Mwaka 2022 likaongezeka jambo ambalo mifupa isingeweza kulitoa kabisa. Takeshi Nishimura na wenzake walichunguza zoloto za jamii 43 za tumbili na sokwe. Zote zina utando mwembamba wa ziada juu ya nyuzi za sauti. Binadamu peke yake ndiye aliyeupoteza. Utando huo husaidia kupiga kelele kali, lakini sauti inakwaruza na kurukaruka. Sisi tulipata sauti iliyotulia kwa kuondolewa kitu. Ulipotea lini, hakuna mfupa wa kutuambia.

Sasa ukiweka vitu hivi pamoja, watu wa Isimila wanasimama wapi? Miaka 260,000 iliyopita wako nyuma yetu kwa muda mrefu, lakini wako mbele ya Sima. Haioidi ya kibinadamu ilikuwa imekwisha kuwepo duniani, sikio lilikuwa limeshasogea, na mpangilio wa mbele wa ubongo ulikuwa wa zamani mno kwao. Sima ni Hispania, na ukoo wake si ule uliotuzaa sisi, lakini kitu kinachoonekana kwa Neandertali na kwetu pia kina uwezekano mkubwa wa kutoka kwa babu wa pamoja, aliyetangulia kuliko wote hao. Nikiulizwa, najibu kwamba waliongea. Sisemi waliongea kwa sarufi kama zetu, wala kwamba walisimuliana hadithi za mababu. Nasema walikuwa na sauti zilizopangwa, zenye irabu na konsonanti, na mtoto alizijifunza kwa mkubwa. Mawe nayo yanaelekea huko: katika jaribio la Thomas Morgan na wenzake, lililotangazwa mwaka 2015, watu 184 walifundishwa kubandua mawe kwa njia mbalimbali, na waliofundishwa kwa maneno walifanya vizuri kuliko waliotazama tu. Jaribio hilo lilihusu zana nyepesi zaidi kuliko mashoka ya Isimila.

Lugha yenyewe, yenye majina ya vitu visivyoonekana na makubaliano kati ya watu wasiokaa pamoja, ina alama za aina nyingine, na hapa Iringa ina hazina. Katika pango la Magubike, wilaya ya Iringa, kikosi cha Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta kilipata meno ya binadamu katika tabaka za Zama za Mawe za Kati, pamoja na shanga za ganda la yai la mbuni, baadhi zikiwa na umri unaokaribia miaka 50,000. Ushanga ni kazi ndogo: kipande kinatobolewa, kingo zinasuguliwa hadi ziwe duara. Haukati nyama wala hauchimbi mizizi. Kazi yake ni kumwambia mwingine wewe ni nani, na hiyo inahitaji watu waliokwisha kukubaliana maana. Siwezi kuwafikiria watu hao bila lugha kamili.

Mlambalasi, ambako wenyeji wanakujua kwa sababu ya kaburi la Mtwa Mkwawa, pana pango lenye mabaki ya watu wa mwishoni mwa Zama za Mawe. Mwaka 2022 DNA ya mmoja wao ilisomwa, pamoja na ya wengine kutoka Malawi na Zambia, ambao wa kale zaidi wana umri wa karibu miaka 18,000. Kwa ukanda wa joto hilo ni jambo kubwa, maana DNA huharibika upesi penye joto. Watu hao waliongea kama tunavyoongea, kwa hiyo hawatatui swali la chanzo. Wanachothibitisha ni kwamba mapango ya nyanda hizi za juu yanaweza kuhifadhi kilichopotea kwingine. Tabaka za chini za Magubike ni za kale zaidi kuliko shanga, na yaliyotoka humo hadi sasa ni meno, yaani sehemu ngumu kuliko zote mwilini. Mfupa mwembamba wa umbo la U, mpana kama sentimita nne, utapita katika chekecheke la matundu makubwa ukiwa umevunjika vipande bila mtu kuutambua. Udongo wa huko unapaswa kuchekechwa kwa nyavu ndogo na kuoshwa kwa maji, na mwenye kuutazama awe anajua haioidi ikivunjika inafananaje.